Benki imekuja na riba kubwa ya miezi mitatu: uhamishe hela ya biashara au utulie?

Leo tuache kidogo mambo ya picha kali na maneno ya kuvutia wateja, tuongelee hela ambayo tayari umeshaipata. Ile inayokaa kwenye akaunti ikisubiri mzigo mwingine.

Swali linalojirudia ni hili: "Boss, benki fulani wametangaza ukifungua akaunti kwao wanakupa riba kubwa miezi mitatu ya kwanza. Nihamie?" Jibu langu ni kwamba kuna mtu atafaidika na kuna mtu ataliwa, na tofauti yao ni hesabu ya dakika kumi. Tuifanye hapa hapa. Namba nitakazotumia ni za mfano, sio tangazo la benki yoyote. Wewe utaweka za kwako.

KWANZA, KWA NINI WANAKUPA RIBA KUBWA?

Benki haina mapenzi na wewe, ina mapenzi na amana. Hela yako ikikaa kwao wanaikopesha kwa wengine kwa riba kubwa kuliko wanayokupa. Riba ya kukaribishwa ni kama wewe unavyoweka ofa ya usafiri bure kwa oda ya kwanza. Unaumia kidogo leo ili mteja azoee duka lako. Benki nayo inajua watu wengi wakishahama hawahami tena. Miezi mitatu ikiisha riba inashuka, na wewe upo tu, umeshasahau.

Wenzetu Uingereza mchezo huu wameuzoea sana. Tangu Septemba 2013 wana mfumo ambao ukitaka kuhama benki, benki mpya inakufanyia kila kitu ndani ya siku 7 za kazi. Malipo yako yote yanahama, na mtu akituma hela kwenye akaunti ya zamani inakufuata kwenye mpya. Ndiyo maana kule kuna watu wanahama kila ofa ikiisha. Lakini hata kule benki zinaweka mipaka. Nationwide, kwa mfano, kwenye akaunti yake ya FlexDirect imekuwa na ofa ya asilimia 5 kwa mwaka mmoja, ila riba hiyo ilihesabiwa kwenye pauni 1,500 za kwanza tu, na ilibidi uingize pauni 1,000 kila mwezi. Mwaka ukiisha, riba ikashuka hadi asilimia 1. Ukipiga hesabu, faida yote ya mwaka ilikuwa kama pauni 75.

Hapa kwetu Tanzania huo mfumo wa kuhamishiwa kila kitu hatuna. Ukihama, unahama kwa miguu yako. Wewe ndiye unayefungua, unayehamisha hela, unayewaambia wateja na unayekwenda kufunga ya zamani. Kwa hiyo gharama ya kuhama ni yako yote, na lazima iingie kwenye hesabu.

PILI, JUA UNAHAMISHA NINI

Akaunti ya hundi, ambayo wengi tunaiita akaunti ya biashara, kwa kawaida haikupi riba, au inakupa kidogo sana, na ina makato ya kila mwezi. Kazi yake ni kupitisha hela. Akaunti ya akiba inatoa riba ila inaweza kukubana idadi ya kutoa. Akaunti ya muda maalumu inatoa riba nzuri zaidi, lakini hela unaifungia. Ukiitoa kabla ya siku yake unaweza kupoteza riba yote.

Simu nazo zimo. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo siku hizi inaitwa Mixx by Yas, walianza kuwagawia wateja faida inayotokana na hela zilizolala kwenye pochi zao. Mwaka huo huo Vodacom wakaja na M-Pawa, unaweka akiba kwenye simu na inapata riba. Kwa hiyo ukilinganisha benki mpya, usiilinganishe na benki yako ya zamani peke yake. Linganisha pia na hapo kwenye simu hela inapolala sasa hivi.

TATU, ASILIMIA 9 SIO ASILIMIA 9

Hapa ndipo wengi tunapigwa, na kwa kweli hatudanganywi, ni sisi tunaosoma vibaya. Tangazo linasema "riba asilimia 9, miezi mitatu". Una milioni 2. Kichwani unapiga: asilimia 9 ya milioni 2 ni 180,000. Unaona tayari umenunua friji.

Hapana. Riba ya benki inatajwa kwa mwaka. Miezi mitatu ni robo ya mwaka. Kwa hiyo 180,000 gawa kwa 4, unapata 45,000. Halafu kuna kodi ya zuio asilimia 10, benki inaikata kabla hujapewa. Toa 4,500. Mkononi inabaki 40,500.

Sasa toa gharama zako. Tuseme akaunti mpya ina makato ya 2,000 kwa mwezi, miezi mitatu ni 6,000. Kuhamisha hela kwenda na kuirudisha, weka 10,000. Nauli ya kwenda benki kufungua, 4,000. Jumla 20,000. Faida halisi ni 20,500.

Sio mbaya, ni hela ya vifungashio. Lakini angalia mwenye laki 5. Riba yake miezi mitatu ni 11,250, ikikatwa kodi inabaki 10,125. Gharama zikiwa zile zile 20,000, ameingia hasara ya karibu 10,000. Hata ada ya kutuma ikipungua kidogo kwa sababu hela ni ndogo, bado haitoki. Kwa namba hizi za mfano, ukiwa na chini ya kama milioni moja ya kulaza, hama hama haikulipi. Tafuta hiyo namba yako kabla hujapanga foleni.

NNE, ULIZA RIBA INAHESABIWA KWENYE SALIO LIPI

Hili swali moja linaweza kubadilisha kila kitu kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa sababu salio letu halitulii. Leo una milioni 2, kesho umeagiza mzigo Kariakoo imebaki laki na nusu, baada ya siku tano oda zimeingia imerudi.

Kuna benki zinahesabu riba kwa salio la kila siku. Zingine zinaangalia salio la chini kabisa la mwezi. Tuchukue mwezi wa siku 30. Siku 25 ulikuwa na milioni 2, siku 5 ulikuwa na 150,000.

Kwa salio la kila siku, wastani wako ni kama 1,691,000, na riba ya mwezi kwa asilimia 9 inakuwa kama 12,690 kabla ya kodi.

Kwa salio la chini kabisa, wanaangalia 150,000 tu. Riba ya mwezi ni 1,125.

Tangazo ni lile lile, asilimia ni ile ile, ila mmoja anapata mara kumi na moja ya mwenzake. Na hapo huyo wa pili hajavunja sharti lolote. Ameagiza mzigo tu, kama inavyotakiwa.

Kuna na wale wanaosema ukishuka chini ya kiwango fulani hata siku moja, ofa ya mwezi huo imekufa. Hao kwa mtu wa kuzungusha mtaji ni wa kukimbia.

TANO, USINYIME DUKA MZIGO ILI UPATE RIBA

Sikiliza hapa vizuri. Mimi nauza viatu vya kike. Tuseme pea nanunua 18,000 nauza 25,000, faida 7,000. Laki 3 nikiilaza benki kwa asilimia 9, mwezi mzima inanipa 2,250, nikikatwa kodi 2,025. Miezi mitatu ni 6,075. Yaani pea MOJA niliyoikosa kuuza kwa sababu namba 38 imeisha imenipotezea hela kuliko riba ya laki 3 kwa miezi mitatu.

Mtaji unaozunguka ndio riba yako kubwa kuliko zote. Mteja akiuliza "namba 39 ipo?" ukamjibu "imeisha dear, subiri wiki ijayo", huyo ameshaenda ukurasa mwingine, na akipata huko harudi.

Kwa hiyo gawa hela yako mafungu matatu:

1. Hela ya kuzunguka. Ya mzigo, bodaboda, vifungashio, bando, matangazo. Hii ikae pale unapoweza kuigusa saa yoyote. Usiitafutie riba.

2. Hela ya tahadhari. Mteja akirudisha bidhaa, mzigo ukichelewa, simu ikiharibika. Hii ikae akaunti ya akiba ya kawaida au kwenye simu, ipate chochote inachopata.

3. Hela inayosubiri msimu. Kwa mfano umeshaweka hela ya mzigo wa Krismasi tangu Septemba na unajua utaagiza mwishoni mwa Novemba. Au ya sare na mabegi ya Januari, au ya Eid. Hii ndiyo hela ya kupeleka kwenye ofa. Inajua itakaa siku ngapi, na ofa nayo inajulikana itakaa siku ngapi.

Ukiona fungu la tatu halipo, huna hela ya kuhamisha. Tulia, zungusha mtaji.

SITA, USIBADILISHE NAMBA YA KULIPIA

Kuna mtu akihamia benki mpya anabadilisha na lipa namba kwenye wasifu wa ukurasa. Fikiria mteja wako wa Mwanza. Amekulipa mara nne kwa namba ile ile, jina linatokea lile lile. Leo anakuta namba ngeni na jina jingine. Atafikiria nini? Atafikiria ukurasa umedukuliwa. Na yuko sahihi kuogopa, maana ndivyo matapeli wanavyofanya.

Biashara ya mtandaoni ni imani tupu. Mteja anatuma hela kabla hajashika bidhaa. Kitu kinachomtuliza moyo ni jina linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Usiliuze hilo jina kwa faida ya elfu ishirini.

Tena kuna jambo la mikopo. Benki na mitandao ya simu wanaangalia historia ya miamala yako kabla ya kukupa kiwango cha mkopo. Ukikata ghafla hela zote kupita pale, miezi michache mbele unaweza kukuta kiwango kimeshuka, wakati ndio unataka kuongezea mzigo.

Suluhisho ni rahisi. Hela iendelee kuingia pale pale ilipozoea. Kinachohama ni fungu la tatu peke yake. Akaunti ya kupokelea ni mlango wa duka, hauhamishwi hamishwi. Akaunti ya kulaza hela ni stoo, hiyo unaweza kuibadilisha mteja asijue.

SABA, UKISAHAU TAREHE UMELIWA

Chukua benki A: asilimia 9 miezi mitatu, halafu inashuka hadi asilimia 2. Benki B: haina ofa yoyote, asilimia 5 mwaka mzima. Umeweka milioni 2 kote, hujagusa mwaka mzima.

Benki A: miezi mitatu ya kwanza 45,000, miezi tisa iliyobaki 30,000. Jumla 75,000.

Benki B: 100,000.

Yule asiye na mbwembwe ameshinda kwa 25,000 kabla ya kodi. Ofa ni ya mtu mwenye kalenda. Siku unayofungua akaunti, hapo hapo weka kengele kwenye simu, wiki moja kabla ofa haijaisha. Iandike kabisa: "Riba inashuka, toa hela." Kama unajijua wewe ni wa kusahau, chagua riba ya kawaida iliyo nzuri uachane na ofa.

NANE, USALAMA WA HELA

Hela ikiwa kwenye benki yenye leseni ya BoT, inalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, unalipwa fidia hadi kiwango cha juu ambacho sasa ni shilingi milioni 7.5. Zamani kilikuwa milioni 1.5. Hii sio hadithi ya kutishana. Januari 2018 BoT ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa mkupuo, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru, na ile ya ushirika ya Kagera. Wenye amana chini ya kiwango walifidiwa, waliozidisha ikabidi wasubiri mali za benki zikusanywe. Kwa hiyo kama una zaidi ya kiwango hicho, usiweke zote benki moja kwa sababu ya ofa.

Mifuko ya uwekezaji kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS ni kitu kingine. Watu wengi wanalaza hela huko na wanafurahia, lakini ile sio amana ya benki. Faida yake haijaahidiwa, haimo kwenye bima ya amana, na ukiomba kutoa hela inachukua siku kadhaa za kazi kufika. Ni nzuri kwa fungu la tatu, sio kwa fungu la kwanza.

Na ukiona tangazo la "riba asilimia 20 kwa MWEZI, tuma kwenye namba hii", hiyo sio ofa. Ni upatu. Benki haitaji riba ya amana kwa mwezi, na haikuombi utume hela kwenye namba ya mtu binafsi. Orodha ya taasisi zenye leseni ipo kwenye tovuti ya BoT, angalia kabla hujatuma hata mia.

Kwa ndugu zetu msiochukua riba kwa sababu ya imani, hesabu za gharama hapo juu zinawahusu vile vile. Amana Bank ipo tangu 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Ninyi mnachouliza ni mgawo wa faida, ulikuwaje miezi iliyopita, na unalipwa lini.

MASWALI YA KUMTUMIA AFISA WA BENKI

Nakili haya, mtumie kwa WhatsApp au barua pepe ili majibu yabaki kwa maandishi:

"Habari, naomba kufahamu kuhusu ofa yenu ya riba:
1. Riba hiyo ni kwa mwaka, na inalipwa lini?
2. Inahesabiwa kwa salio la kila siku au salio la chini la mwezi?
3. Kuna kiwango cha chini cha kuweka, na kiwango cha juu kinachopata riba hiyo?
4. Nikitoa hela katikati, napoteza nini?
5. Ofa ikiisha riba inakuwa asilimia ngapi?
6. Makato ya mwezi na ya kutoa ni kiasi gani?
7. Kufunga akaunti kuna gharama?"

Akikujibu "njoo tu ofisini tutaongea", rudia maswali kwa upole. Akikwepa mara ya pili, umeshapata jibu lako.

UKIAMUA KUHAMA, FUATA HATUA HIZI

Fungua akaunti mpya bila kufunga ya zamani. Tuma kiasi kidogo kwanza, hakikisha kimefika na jina ni lako. Halafu peleka fungu la tatu lote. Mwezi wa kwanza ukiisha, omba stetimenti, piga hesabu kama riba iliyoingia inafanana na ulivyoahidiwa. Kama haifanani, uliza siku hiyo hiyo, usingoje miezi mitatu iishe.

Akaunti usiyoitumia tena ifunge rasmi, kwa fomu, na uombe uthibitisho. Ukiiacha na salio la elfu tatu, makato ya mwezi yatailamba mpaka iishe, na sehemu nyingine siku ukirudi kuweka hela unakuta deni la makato linakusubiri.

KWA KIFUPI

Kama una hela inayosubiri msimu, inazidi ile namba ya kurudisha gharama, riba inahesabiwa kwa salio la kila siku, na una kengele kwenye simu, basi chukua ofa, kula hela ya benki kwa heshima zote. Kama moja kati ya hayo halipo, baki ulipo na uongeze mzigo unaotoka haraka.

Leo jioni ukishafunga hesabu, chukua karatasi uandike yale mafungu matatu, kila moja lina shilingi ngapi. Wengi mtakuta hela ya tahadhari ni sifuri kabisa. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kabla ya kuhangaika na riba ya mtu.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni. Biashara njema wadau.